Vidonge vya Ganda la Ng'amba

Tangu nikabidhi funguo za chumba cha dawa, vijana wa zahanati hawaishi kunijia na swali lile lile: eti ni kweli kwamba zamani mlitengeneza vidonge kwa gamba la ng'amba, mkavimeza wenyewe, mkaenda haja ndogo ya buluu? Ni kweli. Nimechoka kuwasimulia nikiwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi, kwa hiyo nimekaa chini niandike. Habari za vyeo na mishahara siziingizi hapa. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara, alhamdulillahi, ulinunua mchele. Siku hizi bendera imebadilika na vidonge vinakuja na meli ndani ya makopo, vyote vinang'aa. Vijana wanafungua kopo wanahesabu, kazi imekwisha. Sisi tulianza na kobe wa baharini.

Kabla ya kuwa mtu wa dawa nilikuwa fundi wa vitana hapa Chole, kisiwa kidogo kando ya Mafia. Nilikuwa nimeshaoa, nina kibanda changu karibu na soko na msumeno mwembamba ambao mke wangu, Tatu, alidai naupenda kuliko yeye. Nililainisha magamba ya ng'amba kwa maji ya moto yenye chumvi, nikayanyoosha, nikayakata meno, halafu nikayasugua kwa ngozi ya samaki taa mpaka mtu aweze kujitazama usoni. Siku moja akaingia Bwana Kaitano, Mgoa aliyeletwa kutoka Unguja kutengeneza dawa katika zahanati ya serikali ya Wajerumani. Alichukua kitana akakigeuzageuza, ingawa kichwa chake kilikuwa hakina unywele hata mmoja.

"Fundi," akaniambia, "unaweza kutengeneza kitu cha mviringo?"

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kama mbegu ya papai. Vingi, na vyote sawasawa."

"Vya kuvaa?"

"Vya kumeza."

Nilicheka mpaka nikaweka msumeno chini. Yeye hakucheka, alisubiri tu nimalize. Kesho yake asubuhi nilikuwa zahanati nimefungwa aproni iliyonifika miguuni.

Kazi ya siku ya kwanza ilikuwa vidonge vya kufungua choo. Unasaga unga kwenye kinu kidogo cha kaure, unaukanda kwa asali na gundi mpaka uwe kama unga wa chapati, unauviringisha uwe kamba ndefu kama tambi, kisha unaukata juu ya ubao wenye mifereji na kufinyanga kila kipande kwa ncha za vidole. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea kazi ndogo, nikatoa vidonge vya mviringo mzuri sana, nikavipanga kwenye sinia na kuviweka dirishani vikauke. Nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, sisimizi walikuwa wamenusa asali. Walijipanga kama wachukuzi wa bandarini, wanasukuma vidonge vyangu ukutani kuelekea shimoni mwao, na nusu ya sinia ilikuwa tupu. Nilisimama pale nikingoja kufukuzwa kazi.

Bwana Kaitano aliinama akatazama msafara ule kwa makini.

"Waache," akasema. "Kesho tutajua kama dawa ni nzuri."

Hapo ndipo nilipoamua kubaki.

Alikuwa na masharti machache. La kwanza, kila dawa tuliyotoa ilibidi kwanza niiguse kwa ncha ya ulimi, kwa sababu, alivyosema, mgonjwa hawezi kukusamehe ukimpa kitu ambacho wewe mwenyewe umekikimbia. Kwa njia hiyo nilijifunza ladha zote za uchungu zilizomo duniani. La pili, mtu asimwambie dawa haifai mpaka aeleze ilipotelea wapi. Sikulielewa sharti hilo la pili mpaka lilipozuka tumbo la damu Kiegeani, kijiji cha Mafia.

Ilikuwa baada ya masika. Watu walikuwa wakihara damu, na waliokuja kutuita walisema kuna makaburi mapya. Tulikuwa na dawa yake. Ilikuwa unga wa mzizi kutoka ng'ambo tuliouita ipeka, na ukikaa tumboni hukata damu vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye huo kukaa. Ipeka hutapisha. Ukimpa mtu kipimo cha kumponya, kabla hujafunga mkoba wako ameshairudisha, pamoja na chakula kidogo kilichokuwa kimebaki ndani yake.

Tulivuka hadi Utende tukatembea mpaka Kiegeani. Katika wagonjwa wale alikuwamo Bi Mize, kungwi mkubwa, aliyekuwa amewafunda nusu ya wake wa kisiwa hiki, Tatu akiwa mmojawapo. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akianza wimbo arusini, ngoma zikanyamaza zimsikilize. Nilimkuta amelala kitandani, mikono imekuwa kama vijiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Shomari. Umekuja tena na ule uchungu wako?"

Nilikuja nao. Aliunywa, akafumba macho, na mara binti yake Mwanahawa akakimbilia bakuli. Ulipokwisha kutoka wote, Bi Mize alijifuta midomo na ncha ya kanga.

"Dawa yenu, mwanangu, ni mgeni asiyeketi," akasema, na sauti yake ikabidi niinamie kuisikia. "Inaingia mlangoni, inatoka kwa mlango ule ule, na inaondoka na uji wangu. Msiniletee tena. Niacheni nife na uji wangu tumboni."

Tuliporudi hadi majini, Bwana Kaitano akanieleza kama mtu aliyekuwa akihesabu moyoni.

"Dawa ni nzuri. Inafungua mzigo mahali pasipo pake, basi. Ipeka ikifunguka tumboni, tumbo linakasirika. Ikifungukia mbele, kwenye utumbo, ambako ndiko kwenye ugonjwa, hakuna wa kukasirika. Sasa, tumbo ni chachu kama ndimu. Ukishatoka tumboni, kule utumboni ni kama maji ya magadi. Tunataka ganda ambalo ndimu haiwezi kulila, lakini magadi yanaliyeyusha."

"Lipo?"

"Tutalitafuta," akasema, na nikaona macho yake yanacheka.

Hivyo tukaanza. Mezani tuliweka vikombe viwili, kimoja cha maji ya ndimu na kingine cha magadi, vyote vimewekwa penye joto la jua. Kila ganda jipya tulilitumbukiza humo kwanza. Lakini kikombe si tumbo, kwa hiyo Bwana Kaitano akaamua kwamba lazima tujijaribie wenyewe. Ndani ya vidonge vya majaribio tulitia rangi ya buluu ya hospitali, ambayo ikishaingia mwilini hutokea kwenye haja ndogo. Ukimeza kidonge kisicho na ganda, buluu huonekana mapema. Ukimeza chenye ganda, unangoja, na kwa kuchelewa kwake unajua kimefungukia wapi. Kwa ajili hiyo alinikabidhi gilasi yangu na kuiandika jina, na ya kwake akaandika la kwake, akasisitiza sana zisichanganyike na za chai.

Ganda la kwanza lilikuwa sandarusi, ile gundi ngumu ya mti, kwa kuwa sandarusi tulikuwa nayo tele. Tuliiyeyusha kwa taabu kwenye spiriti, tukavichovya vidonge, na vikatoka vizuri mno. Ungeweza kuvitunga mtoto wa kike akavivaa shingoni. Tukavimeza. Tulingoja buluu siku ile, tukangoja na iliyofuata. Gilasi zetu zilibaki na rangi aliyotupa Mungu. Mwishowe Bwana Kaitano alitoka chooni taratibu, amejinyoosha kama mtu anayetoka kanisani.

"Shomari, kidonge changu kimesafiri salama."

"Kimefunguka?"

"Ningeweza kukiuza tena."

Tukajaribu nta ya nyuki. Kwenye kikombe cha ndimu ilivumilia vizuri, tukafurahi, tukatia vidonge vyote kwenye chupa na kuiacha rafuni. Wakati wa alasiri, kwa joto la Chole mnavyolijua, vilikuwa vimeshikana vikawa kidonge kimoja kikubwa cha kutosha kumtibu ng'ombe. Tulicheka, lakini si sana. Kila siku tuliyocheka ilikuwa siku nyingine ya Bi Mize.

Bwana Kaitano alikuwa na kitabu kinene cha Kijerumani, lugha aliyoijua nusu, na nusu nyingine aliikisia. Usomaji wake ulikuwa wa kunong'ona na kukuna shingo. Asubuhi moja aliniita. Kitabu kilisema, alivyokifahamu, kwamba huko kwao wanachukua mashina ya manyoya ya bata bukini, wanayayeyusha, na kwa ute wake wanavika vidonge. Tumbo haliwezi kula unyoya, ndiyo maana paka hutapika manyoya.

"Bata bukini Mafia hakuna," nikasema.

"Hakuna. Lakini hapa kinasema unyoya, ukucha na pembe vyote ni jamaa moja."

Nilitazama kucha zangu. Chini ya moja kulikuwa na vumbi la kahawia ambalo halikutoka tangu siku za kibandani.

"Na gamba la ng'amba je?"

Alirudi kitabuni, akafunua mbele, akafunua nyuma, akapitisha kidole kwenye mistari. Kisha akakifunga.

"Kitabu hakijafika Mafia," akasema. "Nenda kalete msumeno wako."

Sijapata kukimbia njia ya soko kwa furaha kama siku ile. Nilikuwa na gunia la vipande vilivyosalia kwenye kazi ya vitana, nikavikwangua mpaka nikapata nyuzi laini kama nywele za mtoto. Tulichukua tumbo la ndama kwa mchinjaji, tukakwangua utando wake wa ndani, tukautia pamoja na nyuzi zile kwenye maji machachu penye uvuguvugu, ili kila ambacho tumbo linaweza kula likile pale pale mbele yetu. Kilichobaki ndicho kilichotufaa, maana tumbo lilikuwa limekwisha kukishindwa. Hicho tulikiosha na kukilowesha kwenye amonia siku nyingi, tukikoroga. Harufu yake, ndugu zangu, ilikuwa ya kumwamsha maiti. Mbuzi wa jirani waliacha kupita uchochoro wetu. Tatu alinipokea nyumbani kwa kuninyooshea sabuni kwa mti mrefu.

Lakini siku moja ule mchanganyiko uliacha kuwa nyuzi ukawa ute, wa rangi ya asali, unavutika. Tulivipaka vidonge nta nyembamba kwanza ili unyevu usiingie, tukachovya kwenye ute, tukakausha, tukachovya tena, mpaka tabaka zikatosha. Kwenye ndimu, kidonge kilikaa tuli. Kwenye magadi kililainika, kikavimba, kikapasuka, na buluu ikatambaa kikombeni taratibu kama moshi.

Tulimeza asubuhi. Kwa kulinganisha, siku iliyotangulia tulikuwa tumemeza vile visivyo na ganda, na buluu ilitokea mapema, kabla hata ya chai ya pili. Safari hii chai ya pili ilipita. Tulipishana uani na gilasi zetu. "Bado?" "Bado." Adhuhuri ikapita, bado. Nilianza kuogopa kwamba tumetengeneza sandarusi nyingine. Ndipo nikasikia, kutoka nyuma ya ukuta, sauti ya utulivu kabisa.

"Shomari, njoo uone."

Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na nilikimbia. Alikuwa ameinua gilasi kwenye mwanga wa jua, na ilikuwa buluu kama maji ya mkondo wa Kinasi. Muda si mrefu na yangu ikawa hivyo. Bwana Kaitano aliniweka mkono begani akaanza kucheza ngoma ya kwao, ya kuzunguka, huku akiimba puani, nami nikamfuata kwa hatua za arusini kwetu, na gilasi tumezishika juu zisimwagike. Askari wa lango akaja kuangalia kuna nini. Bwana Kaitano akamwonyesha gilasi yake. Askari akaitazama, akamtazama mwenyewe, akapiga saluti, akaondoka.

Kesho yake tulikuwa Kiegeani na vidonge vya ipeka, vimevikwa vizuri. Bi Mize alikuwa amedhoofu zaidi. Mwanahawa alituambia mlangoni kwamba mama amekataa kila kitu, na kwamba kama tumekuja kumtapisha, turudi. Nilimwomba anipe nafasi niseme na mama mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Leo si ule uchungu. Hiki unakimeza kizima, hukitafuni, wala hutaionja dawa."

"Kimetengenezwa na nini?"

Nilimweleza yote, sikumficha hata tumbo la ndama aliyechinjwa kwa bismillahi, wala nta, wala amonia. Alinisikiliza.

"Ng'amba," akasema. "Kwa hiyo mmeshindwa kutengeneza dawa, sasa mnanimezesha vitana."

"Ndiyo, bibi."

"Nipe."

Alikimeza kwa maji, tukamwambia alale chali, asile kitu. Mwanahawa alikaa kitako na bakuli magotini. Mimi nilikaa ukutani. Bwana Kaitano alisimama, maana alikuwa hawezi kukaa. Nje kulikuwa na mtu anatwanga, na kila mchi ulipotua nilimtazama Bi Mize koo lake. Lilitulia. Kitambo kikubwa kikapita.

"Bibi," nikauliza, "kimeketi?"

"Kimeketi kama mkwe," akasema bila kufumbua macho. "Nyamazeni, msikifukuze."

Bwana Kaitano akatoka nje haraka. Nilimwona dirishani, ameegemea mnazi, anajifuta macho na tai yake.

Aliendelea kumeza, na bakuli likakaa kavu. Damu ilipungua, kisha ikakoma. Siku tuliyorudi kumtazama aliomba samaki wa kuchoma mwenye pilipili, tukamkatalia, akatutukana sote watatu tusi moja refu la kikungwi ambalo haliandikiki. Mwanahawa akaangua kilio cha furaha. Tusi lile, alisema, hakuwa amelisikia tangu mama aanze kuugua.

Hatukumwokoa kila mtu pale Kiegeani, wengine tuliwachelewea. Lakini wengi walisimama, na mimi na Bwana Kaitano tulikuwa tukitembea kijijini pale kama watu waliokunywa kitu.

Sasa nawaeleza vijana jambo la kazi. Ganda lina umri. Likikaa sana chupani hukauka likawa gumu, na kidonge hupita mwilini kama kokoto. Tulijifunza kutengeneza kidogo kidogo, na kuandika chupa ni ya mwezi gani. Tukajifunza pia kwamba tabaka zikipungua, kidonge hufunguka mapema, zikizidi hukawia. Bwana Kaitano aliposhika jambo hili hakulala tena. Alianza kutengeneza vidonge vya saa: hiki cha kufunguka asubuhi, hiki cha karibu na adhuhuri. Majaribio yakaanza upya, gilasi zikatoka tena rafuni, na Tatu akaniambia waziwazi kwamba buluu ibaki huko huko zahanati.

Kilichotupa sababu ilikuwa Ramadhani. Mwalimu Haji, imamu wa msikiti wetu, alishikwa na homa ya vipindi. Kila ilipokaribia alasiri alianza kutetemeka, na ikifika tarawehe hakuweza kusimama. Kwinini ilimfaa, ila ilitakiwa imkute damuni kabla homa haijaanza kupanda, yaani mchana, na mchana hawezi kumeza. Akimeza nyingi wakati wa daku, masikio yanamlia asubuhi yote, na homa inapofika dawa imeshapungua. Watu walimwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula. Alijibu kwamba ruhusa anaijua, amewafundisha yeye.

Tulimtengenezea vidonge vya aina tatu, tukavitofautisha kwa rangi ya manjano, hafifu mpaka iliyokolea, ili tusikosee: vitupu, vyenye ganda jembamba, na vyenye ganda nene, vyote vya kumezwa pamoja wakati wa daku. Nilimpelekea mwenyewe barazani kwake, Bwana Kaitano yuko nyuma yangu. Nilikuwa na wasiwasi. Nilimweleza kwamba dawa nyingine itafunguka alfajiri imeshapita, wakati yeye amefunga, na kama hilo lina neno, aseme.

Mwalimu Haji aliviviringisha kiganjani muda mrefu.

"Ninavimeza kabla ya alfajiri?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa mkono wangu?"

"Kwa mkono wako."

"Basi vikifunguka adhuhuri, hayo ni mambo yao. Mimi nimefunga, wao hawajaambiwa wafunge."

Alicheka yeye, tukacheka sisi. Alianza usiku ule ule. Siku ya kwanza homa ilikuja, lakini imepungua. Iliyofuata ilikuja ikiwa imechoka. Kisha alasiri moja nilipita barazani kwake nikamkuta ameketi wima anasoma, kikoi begani, hatetemeki. Aliinua kidole kunionyesha jua lilipofika, akaendelea na ukurasa wake. Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Bwana Kaitano, naye akaniamuru nisimame pale pale mlangoni niseme tena, polepole.

Idd ilipofika, msikiti ulijaa mpaka uani. Bwana Kaitano, ingawa ni Mkristo, alivaa suti nyeupe akaja kusimama nje ya ukuta, mahali anapoweza kumwona Mwalimu Haji kupitia mlangoni, kuhakikisha hatetemeki. Mwalimu alipanda mimbari na afya tele. Kwa sehemu kubwa ya Ramadhani alikuwa hana sauti, na sasa ilikuwa imerudi yote kwa mpigo. Akahutubia. Akahutubia juu ya shukrani, akaingia kwenye sadaka, akatoka kwenye sadaka akaenda kwenye majirani, akarudi kwenye shukrani. Jua likapanda. Harufu ya pilau ikaanza kutufikia kutoka majumbani, watu wakaanza kuhama goti moja kwenda jingine, na Mwalimu Haji akashika fimbo yake vizuri zaidi na kusema sasa anaingia katika jambo lenyewe.

Mzee Fakihi, muadhini wetu, alikuwa ameketi kando yangu. Aliniinamia sikioni.

"Shomari," akaninong'oneza, "mwakani mpunguzieni tabaka moja."